Ukurasa wa Kumi na Moja

Kila Agosti ninagawa kijitabu cha kanuni,
kurasa kumi na nne, pini moja pembeni,
nakisoma kwa sauti ya mtu anayetaja bei dukani:
simu zizimwe, chakula kibaki nje,
ukikosa vipindi vinne jina lako linafutwa,
asiyekuwepo na lake halipo.
Kazi ikichelewa, alama kumi kila siku.
Wanatia sahihi bila kuangalia,
wengine wangali na aproni za zamu ya usiku,
mmoja na mtoto mapajani, anatafuna kifuniko cha kalamu.

Darlene Pruitt alisoma yote.
Nilimwona, safu ya pili, kidole kikifuata mstari,
miaka arobaini na mitatu, mikono ya kufungasha nyama.
Akauliza swali moja tu:
"Hizi alama kumi, ni pamoja na Jumapili?"
Pamoja na Jumapili, nikasema.
Akaandika.

Insha ya kwanza: Mtu Aliyenifunza Kazi.
Yake ilikuja mapema, imepigwa chapa safi,
juu ya baba yake na viazisukari vya bonde la Platte,
Oktoba, taa za trekta, ukungu wa alfajiri,
na katikati sentensi hii:
"Baba alipima udongo kwa ulimi, kama mpishi."

Nikaweka kalamu chini.

Najua nilipoisoma.
Chumba hiki hiki, ubao ukiwa wa chaki,
mimi nikiwa na nywele,
na msichana wa miaka kumi na tisa, Darlene Heimbuch,
aliyeacha chuo wiki ya saba bila kumuaga mtu.

Sasa tazama ukurasa wa kumi na moja, kifungu cha tatu:
mwanafunzi haruhusiwi kuleta kazi
aliyokwisha kuileta wakati mwingine,
hata kama ni yake.
Sikukitunga mimi. Nilipiga kura kipite.
Mashine ya kunusa wizi haikunusa kitu,
karatasi za zama zile hazimo tumboni mwake.
Shahidi alikuwa mmoja duniani,
na amebakiza muhula mmoja astaafu.
Ningeweza kusahau. Umri wangu unaruhusu.

Nilimwita Jumatano, saa yake ya mapumziko.
Alikuja na kofia ya wavu bado kichwani.
Akakisoma kifungu mara mbili.
"Mtu anajiibiaje?" akauliza,
si kwa ubishi, kwa kutaka kujua hasa.
Nikatafuta jibu kijitabuni. Halimo.
Kisha yeye mwenyewe, akiutazama ukuta:
"Nilidhani aliyeiandika ameshakufa.
Nilidhani ni mirathi."

Fomu ina nakala tatu: nyeupe, ya njano, ya waridi.
Sufuri, na nafasi moja ya kuandika upya.
Alitia sahihi kwa jina la ndoa,
akasita, akaliongeza la baba yake, dogo, pembeni.

Ya pili ilichelewa siku mbili,
moja ikiwa Jumapili.
Kwa mkono, nyuma ya ratiba za kiwanda,
doa la grisi kwenye kona, ikaanza hivi:
"Baba hakuwahi kuonja udongo.
Nilibuni, ili mwalimu anipende.
Yeye alilala ndani ya trekta, chupa miguuni,
na aliyevuna ni mimi."

Nikaisoma nimesimama, koti bado mwilini.
Niliipa tisini na tano,
nikatoa ishirini, kama ukurasa wa sita unavyotaka.
Sabini na tano.
Pembeni, kwa wino mwekundu: angalia mikato.

Kipindi kilichofuata tulifika kwenye tashbihi.
Nina mfano wangu, kila mwaka ule ule,
miaka ishirini na minne nauandika ubaoni,
madarasa yanaupenda, wengine wanaunakili,
na sijawahi kusema ni wa nani:
udongo, ulimi, mpishi.

Kalamu ya ubao nimeishika wazi, inakauka.
Safu ya pili ananitazama.
Nikaligeukia darasa.
Nani, nikauliza, ana mfano wake?